Mifuko ya Kuvaa Shingoni

Mimi Khamisi bin Alawi nimeshona miaka thelathini kwenye baraza yangu hapa Moshi, na jambo moja ninalijua kwa hakika: mtu atakudanganya, nguo yake haikudanganyi. Niletee koti lako nitakuambia unabebea mkono gani na kama mkeo anakupenda. Kwa hiyo mwaka ule wa 1942, Mhindi mmoja mwenye tenda ya jeshi aliponiletea kazi ya mifuko na kuniambia nishone bila kuuliza, sikuuliza. Nilikaa nikaitazama ile mifuko.

Ilikuwa midogo, ya turubai lililopakwa mafuta, mia sita kwa idadi. Mdomo unakunjwa mara mbili kisha unafungwa kwa kamba. Kamba ndiyo iliyonitia shaka. Mfuko wa askari hukaa kiunoni kwenye mkanda, mimi nimeshona ya namna hiyo mpaka nimechoka. Huu haukuwa na pa kupitisha mkanda. Kamba yake ilikuwa fupi, ya kuvaa shingoni, na ukiuvaa unakaa hapa juu, karibu na koo. Nikajiuliza, ni mtu gani anayeweka kiberiti chake na karatasi zake chini ya kidevu, tena ndani ya turubai la mafuta? Ni yule anayejua kwamba kiuno chake kitakuwa ndani ya maji. Wiki iliyofuata ikaja kazi ya vikofia vya kufunika mdomo wa bunduki, navyo vya turubai lile lile. Hapo sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Askari wetu wa keya, jeshi la Mwingereza la Waafrika, walikuwa wanapelekwa baharini. Na si kusafiri tu juu ya meli kama abiria. Walikuwa wanakwenda kushushwa majini, mbele ya ufuo wa mtu ambaye hakuwaalika.

Sikumwambia yeyote, hata mke wangu Mwanaasha, ambaye ukimficha kitu anakujua kwa jinsi unavyotafuna. Nilikuwa na sababu yangu. Marehemu baba alikuwa askari wa Mjerumani, na mwaka wa kumi na nne alikuwa hapa hapa Moshi, meli za Mwingereza zilipofika mbele ya Tanga. Alipenda mno kutusimulia. Alisema wale walikuja wengi kuliko sisi na wana mizinga ya melini, lakini walionekana mapema, wakapiga hodi, wakangoja. Huku nyuma akina baba wakapakiwa kwenye treni ya Moshi, wakateremka Tanga kila mmoja akiwa na nafasi ya kuchagua mnazi wa kujificha nyuma yake. Akifika hapo hunishika sikio na kusema, "Khamisi, anayeshuka kutoka melini hana mti wa kujificha. Silaha yake ni moja tu, kwamba hujui anakuja."

Hiyo ndiyo elimu yangu ya vita, sina nyingine. Lakini ilitosha kunifunga mdomo. Neno likitoka kwenye baraza yangu likamfikia mwenye ufuo, wale vijana watapigwa risasi maji yakiwa kifuani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimewaua.

Sasa mtu akiwa na siri, kila jirani anakuwa mwizi. Nilianza kumshuku Mhindi, nikamshuku msukuma mkokoteni aliyeleta turubai, lakini zaidi nilimshuku Basili. Basili alikuwa fundi mwenzangu, Mchagga wa Uru, ana cherehani chake mwenyewe lakini anakaa kwenye baraza yangu kwa sababu ya wateja. Fundi mzuri, sitaki kumdhulumu katika hilo. Ila alikuwa na shemeji tarishi kule boma, na alikuwa na tabia ya kuuliza. Siku moja aliuvaa mfuko shingoni, akajitazama, akasema, "Fundi, huu mbona mfupi? Wataweka nini humu, tumbaku ya kunusa?" Wenzetu pale barazani wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia mdomo uliponza kichwa, ashone. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na mimi nguo ndiyo kazi yangu.

Mwezi wa Agosti ndipo alipokuja Mama Elizabeth. Huyu alikuwa mjane wa Uru, Mlutheri wa kweli kweli, na kwa miaka kumi na moja alituletea maziwa na ndizi kila Jumamosi. Hakuwa shoga wa Mwanaasha, nisiseme uongo, lakini walikuwa wanaulizana hali za nyumbani mpaka maziwa yanaganda. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, Aminieli, kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyeingia keya mwaka uliotangulia. Siku hiyo alikuja naye. Kijana alikuwa kwenye likizo ya siku kumi na nne, na ukanda wa shanta lake, mfuko wake wa mgongoni, ulikuwa umekatika. Mama akataka nimshonee kabla hajarudi kazini.

Aminieli akanipa shikamoo, akalishusha shanta, akaanza kutoa vitu vyake ili nipate pa kupitisha sindano. Akatoa kibuyu cha maji, soksi, blanketi. Halafu akatoa mfuko wa turubai la mafuta, wa kamba fupi. Niliuchukua nikaugeuza ndani nje. Mimi nikianza mshono hurudi nyuma mara tatu, mafundi wengine hurudi mara mbili. Ulirudi mara tatu. Ulikuwa wa kwangu.

Nikamuuliza kama anajua kuogelea.

Alicheka, na mama yake akacheka zaidi. Kule mlimani, aliniambia Mama Elizabeth, maji ni ya mfongo, yaani mfereji wao wa kumwagilia migomba, na yakikufika gotini umekosea mahali pa kuchimba. Mito ipo, lakini inateremka kwenye makorongo kwa hasira, na mtu mwenye akili zake anaivuka akiwa juu ya gogo. Aminieli akaonyesha kidogo juu ya kifundo cha mguu. "Kwetu maji yanafika hapa, fundi." Wakaondoka wanacheka.

Mimi sikulala vizuri siku ile, na asubuhi nilikuwa mkali kwa kila mtu. Nilizaliwa Pangani, nimeogelea kabla sijajua kuvaa kanzu. Najua mtu anavyozama. Hapigi kelele kama watu wanavyodhani, anakwenda kimya kimya. Mle kwenye mifuko yangu mia sita mlikuwa na vijana wangapi wa mlimani wanaojua maji ya kifundo cha mguu? Nikisema, wanangojewa ufuoni. Nisiposema, watazama kabla ya kufika huko ufuoni. Nikaona nitafanya kitu cha katikati: nitamfundisha Aminieli kuogelea bila kumwambia kwa nini. Nilijiona mjanja sana.

Jumatatu alfajiri nilimpeleka Rau, ndani ya msitu, mahali ambapo mto unatulia na kuwa kidimbwi kirefu cha kumfika mtu kifuani. Alinifuata hatua kumi nyuma. Baadaye aliniambia kwamba njia nzima alikuwa anafikiria habari za mumiani, maana siku hizo kila mtu alikuwa na habari ya mtu aliyenyonywa damu, na fundi wa mjini anayekuita msituni peke yako hana sura nzuri. Nikaingia majini kwanza. Nikasema bismillahi, kama ninavyosema nikiingia popote. Nikamwambia aingie. Akauliza ni lazima aseme lile neno? Nikamwambia aseme anachotaka, ila aingie. Kwa hofu aliyokuwa nayo akalisema.

Siku ya kwanza aliweza kutia uso majini. Jumanne aliweza kulala chali, kichwa kwenye kiganja changu, na kiganja nikakiondoa bila kumwambia. Akaelea. Alipogundua kwamba hakuna mkono chini yake aliniangalia, wallahi, macho yale sijayasahau. Alikuwa na furaha ya mtoto mdogo. Nikamweleza kuwa mtu akiweza kulala juu ya maji hivi hana haja ya nguvu nyingi, maji yenyewe yatambeba mpaka wenzake wamvute. Nikampangia siku zilizobaki: Jumatano na Alhamisi miguu na mikono, Ijumaa kuogelea na nguo na viatu, Jumamosi kuogelea na shanta mgongoni na kulivua ndani ya maji. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Shanta la jeshi lina ukanda wa kifuani wenye bizimu ya chuma, na mtu aliyeogopa hukumbuka kupiga maji tu, hakumbuki kifua chake.

Alipokuwa anajifuta akaniambia taratibu, "Fundi, wewe kuna kitu unakijua."

"Najua kushona."

Akatikisa kichwa, akavaa shati. Hakuuliza tena. Lakini Jumatano akaja na wenzake wawili, na Alhamisi walikuwa saba, wote askari wa keya wa Uru walio kwenye likizo. Niligomba nao. Askari mmoja anayeoga mtoni ni askari anayeoga. Askari saba wa mlimani, wamejipanga mstari majini, wanajifunza kupiga miguu, hilo ni tangazo. Wanawake waliokuja kuchota maji walikuwa wamesimama ukingoni wanajishika viuno kwa kicheko. Nilitaka kuwafukuza sita. Niliwatazama mmoja mmoja nikitafuta wa kumfukuza, mmoja wao anaitwa Eliufoo, mwembamba, meno yanagongana kwa baridi ya maji ya theluji, na sikumpata wa kumwambia wewe nenda ukazame. Basi nikawafundisha wote.

Ijumaa tulipofika kidimbwini tulikuta polisi wametutangulia.

Vijana walipelekwa kambini, likizo ikaishia pale pale. Mimi nikapelekwa boma, mbele ya Bwana mmoja wa jeshi ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapishi lakini macho yake yalikuwa na akili. Aliniuliza nani ameniambia kwamba wale askari wanakwenda baharini.

"Mfuko," nilisema.

Sajenti wa polisi akanipiga kofi akidhani nina ufidhuli. Nikaomba niletewe mfuko. Ukaletwa. Nikamvalisha yule sajenti mwenyewe shingoni, nikamwonyesha Bwana kamba inavyokaa, turubai linavyokunjwa mara mbili, mahali ambapo tundu la mkanda lingekuwa na halipo. Nikamweleza vikofia vya bunduki. Nikamweleza Aminieli na maji ya kifundo cha mguu. Yule Bwana alinisikiliza mpaka mwisho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kuwa mwekundu, maana alikuwa anaona kwamba siri ya wakubwa wake ilitembea Moshi nzima juu ya mkokoteni.

Akauliza baba yangu alikuwa nani. Nikamjibu kweli. Ohoo. Baba askari wa Mjerumani, mtoto anajua habari za meli. Akaandika kwa muda mrefu. Halafu akaweka kalamu chini. "Labda unasema kweli," akasema. "Lakini ukisema kweli, ndiyo sababu ya kukufunga. Utakaa ndani mpaka kazi iishe."

Nilichukia, lakini nitakuambia jambo la ajabu: moyoni nilikubaliana naye. Ningekuwa mimi yeye, ningenifunga. Nilimwomba kitu kimoja tu, wale vijana wafundishwe huko kambini, maana walibakiza siku mbili tu. Alisema atalitazama. Hakulitazama, au alilitazama akaliacha. Nilikaa mahabusu wiki sita, bila hukumu wala kesi, na kazi yangu humo ilikuwa moja: kufikiri ni nani aliyeniuza.

Na kila nilipofikiri nilirudi kwa Basili. Alikuwa anauliza mno. Aliuvaa mfuko. Shemeji yake tarishi wa boma. Tena ni mtu wa Uru, habari za vijana wa Uru angezijua kabla yangu. Mwanaasha alipokuja kuniona aliniambia Basili anashona kazi zangu zote ili wateja wasihame, na kila jioni anamletea kilichopatikana mkononi kwake. Mke wangu alidhani ananifurahisha. Mimi nikasema, naam, mwizi hurudi kufariji msiba.

Walinitoa mwisho wa Septemba. Mji mzima ulikuwa unajua tayari: keya wametua Bukini, yaani Madagaska, kisiwa cha Wafaransa, wameshuka alfajiri mwenye ufuo akiwa hana habari, na mji wa pale ufuoni ulitekwa kabla ya chakula cha mchana. Watu barazani walikuwa wanaeleza habari za manowari na mashua kana kwamba wao ndio waliopanga. Nilifurahi. Nilisema baba angepaswa kuwa hai aone meli zisizopiga hodi. Nilidhani mambo yamekwisha vizuri.

Siku ile ile nilimbeba Basili. Simaanishi mwili wake, cherehani chake. Nilikinyanyua na meza yake nikakiweka barabarani kwenye vumbi, mbele ya watu, nikamwita kila jina nililolihifadhi wiki sita. Alisimama pale na futi shingoni. Alisema tu, "Fundi, ningetaka kukuuza ningekuuza Jumatatu, ulipokuwa na mmoja. Kwa nini ningoje wawe saba?" Halafu akakodi mkokoteni akaondoka. Mwanaasha hakusema nami siku tatu.

Neno lake lilinisumbua, sikatai. Nililisukuma kando.

Mama Elizabeth hakuleta maziwa Jumamosi ile, wala iliyofuata, wala mwezi mzima wa Oktoba. Nikamshuku na yeye kidogo, kwamba anaogopa kuonekana na mtu aliyetoka ndani. Kisha Eliufoo akarudi, mkono umefungwa, na akapita kwangu kabla hata ya kupanda kwao Uru. Alisimama wima kama yuko mbele ya ofisa. Alisema kwamba Aminieli hakufika ufuoni. Meli ilisimama mbali, giza halijaisha, wakaambiwa wateremke ubavuni kwa wavu wa kamba mpaka kwenye mashua. Wimbi likaitupa mashua pembeni na Aminieli akaanguka katikati. "Alirudi juu, fundi. Alilala chali kama ulivyotufundisha. Tulimwona, uso wake ulikuwa juu kabisa na alikuwa anapumua. Tukasema huyu amepona. Halafu shanta likajaa maji." Akaonyesha kwa mkono wake mzima, polepole, kuelekea chini. Hakukuwa na risasi hata moja iliyopigwa bado.

Nililia mbele yake bila aibu. Kisha nikamlaani Basili upya.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Mama Elizabeth alipokuja. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Hakuwa na kibuyu cha maziwa wala kikapu cha ndizi. Mkononi alikuwa na jani moja refu la kijani, la ule mmea wanaoupanda kwenye mipaka ya vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba, wanauita isale. Mimi si Mchagga, lakini nimekaa nao vya kutosha. Mchagga akija na isale mkononi hajaja kununua wala kusalimia. Amekuja kuomba msamaha kwa kosa alilokutendea, na hata kama mlikuwa mnatafutana kwa panga, jani lile halikataliwi. Nilimwona akivuka barabara nalo, limelowa mvua, analishika kwa mikono miwili, na kabla hajafika barazani nikawa nimeshajua. Moyoni nikamwona Basili na futi yake shingoni, amesimama kwenye vumbi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ni mimi, fundi," alisema.

Akaeleza akiwa amesimama. Alhamisi ile Aminieli alirudi kutoka mtoni, na alipotia mikono kwenye beseni ili anawe, akasema bismillahi. Alisema bila kufikiri, kwa mazoea ya siku nne. Mama akaganda. Mtoto wake mmoja, aliyebatizwa na kubarikiwa kipaimara, amechukuliwa msituni na Mwislamu wa mjini, anazamishwa majini kila alfajiri, anarudi na maneno hayo. Na hataki kusema anafanya nini huko. Alidhani ninamsilimisha mwanawe pamoja na vijana wote wa Uru. Hakunitukana, hakuja kuniuliza. Alikwenda jioni hiyo hiyo kwa mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akaenda baraza ya mangi, chifu wao, karani wa mangi akaandika barua kwenda boma: fundi wa Moshi anawazamisha askari saba mto Rau. Watu wa boma hawakujali dini ya mtu yeyote. Walisoma askari saba na maji.

"Ningekuuliza," alisema. "Miaka kumi na moja nakunywesha maziwa. Ningekuuliza tu."

Na mimi ningemwambia nini? Nisingemwambia. Ningesema najua kushona. Nilipokea isale, nikaliweka juu ya cherehani. Mwanaasha alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akaingia ndani kubandika chai.

Mama Elizabeth hakukaa. Nilidhani amemaliza, kumbe hilo halikuwa alilolijia.

"Eliufoo anasema zilibaki siku. Ngapi?"

"Mbili."

"Za nini?"

"Ijumaa ya nguo na viatu. Jumamosi ya mzigo."

Nikaona midomo yake inazirudia. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilijua swali linalokuja na nilikuwa nimeshaandaa uongo wangu, mzuri, ninaoweza kuusema bila kupepesa: kwamba bahari si Rau, kwamba hata mwezi usingetosha, kwamba ni kazi ya Mungu.

"Zingetosha?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono.

"Usinihurumie. Mchungaji amenihurumia, mangi amenihurumia, ukoo mzima umekaa kwangu unanihurumia. Hakuna aliyenijibu. Wewe ndiye uliyekuwa naye majini."

Mimi ni mtu wa maneno makali, nimetukana watu wasio na kosa katika mji huu, na katika maisha yangu sijawahi kupata neno zito la kulitoa kama lile. "Zingetosha, mama Aminieli," nikasema.

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole. Ukutani palikuwa na shanta la askari mmoja wa likizo, limeletwa kushonwa. Nikakataa, nikamwambia aketi, chai inakuja. Akaendelea kunyoosha kidole. Nikalishusha. Akaniambia nitie uzito. Nikatia pasi mbili za chuma na majora ya khaki mpaka likakaza. Akageuka, nikamvalisha juu ya kanga yake, mwanamke yule mfupi, nikamfunga ukanda wa kifuani, bizimu ikalia. Nikamwambia: usiguse mabega, mabega yatakudanganya. Kidole gumba hapa chini ya chuma, inua, vuta ulimi huu. Kisha rudisha mabega nyuma kama unavua koti.

Akatia kidole gumba. Akainua. Akavuta. Shanta likaanguka nyuma yake kwenye sakafu kwa kishindo, na pasi zikatoka.

Alisimama hivyo hivyo, mikono ameitanua, anatazama kifua chake kisichokuwa na ukanda tena.

"Ni hivi tu, fundi?"

"Ni hivi tu."

Aliinama, akazirudisha pasi ndani mwenyewe, akalivaa shanta, akafunga bizimu, akafumba macho, akavuta. Likaanguka. Akalivaa tena. Mara ya tano alikuwa anafungua haraka kuliko askari yeyote niliyemwona, na bado aliinama kulichukua. Mwanaasha alitoka na vikombe, akaviweka chini, akaenda kumshika mikono.